Kumwekea Thuwaiba Ngazi

Mie simwamini mpiga besi anayebadilisha nyuzi kila mara. Nyuzi mpya zina makelele. Zinakwaruza, zinalia kama vijiko ndani ya beseni, kidole kikiteleza kidogo tu mpaka aliyekaa mlangoni anajua. Ziache zikae, bwana! Ziingie jasho, ziingie mafuta ya mkono, ziingie moshi wa udi wa harusi za watu, na baada ya miaka zitaanza kusema kwa adabu. Nyuzi zilizomo kwenye gitaa langu nilizitia Maryam, mjukuu wa shoga yangu, hajazaliwa. Sasa Maryam anaolewa na nyuzi ni zile zile, na atokee mtu aniambie kuwa zimekwisha.

Jina langu Hamda. Pale Mkunazini ukimuulizia Bi Hamda utaoneshwa wengi, lakini ukisema Hamda Besi utaletwa mpaka mlangoni. Napiga gitaa la besi katika kikundi cha taarab cha wanawake kinachoitwa Waridi, tangu tulipokuwa wasichana wembamba mpaka leo magoti yananilalamikia kila nikipanda ghorofani. Aliyenifundisha ni mjomba wangu Mahfoudh, Mungu amrehemu, aliyekuwa akipiga lile besi kubwa la kusimama katika klabu ya wanaume. Wakati ule nyuzi hazipatikani. Uzi mmoja wa besi lake ulikuwa waya wa breki ya baiskeli, na wallahi ungeusikia usingejua. Alikuwa akinipandisha juu ya stuli, ananishika vidole, ananiambia, "Usipige mengi. Anayetaka kujionesha akapige fidla."

Yeye ndiye aliyenifundisha ngazi. Mambo yenyewe ni hivi. Mwimbaji akimaliza ubeti, vyombo vinachukua, na hapo ndipo watu wanapoinuka kuja kumtuza. Wanakuja wakicheza pole pole na noti zao mkononi, wanamvisha, wanambusu, wanarudi. Huwezi kujua watainuka wangapi. Wakiwa wengi vyombo vinazunguka tena na tena kuwangoja wapungue. Sasa mwimbaji kazungukwa na watu, yeye hatuoni na sisi hatumuoni, atajuaje kuwa zamu yake imerudi? Mjomba alikuwa anashuka na sauti tatu nzito, moja, nyengine chini yake, na ya mwisho chini kabisa, na hapo mwimbaji anaingia. "Mwenzio umemuacha juu peke yake," alikuwa akisema. "Mwekee ngazi ateremke."

Na mwimbaji wangu mie ni Thuwaiba.

Thuwaiba ni shoga yangu tangu chuo cha Kurani, tulipokuwa tukigombania mkeka mmoja mbele ya mwalimu. Sauti yake ilikuwa, nisiseme uwongo, sauti ya kuwatoa watu machozi huku wanacheka. Lakini ulimi wake! Miaka yote tuliyopiga pamoja hajapata kunisifu hata mara moja. Kila harusi ikimalizika, tumeshavua viatu tunakunywa chai, namuuliza, "Besi leo vipi?" Naye ananitazama kama mtu aliyeulizwa habari za mwezini. "Besi? Kwani kulikuwa na besi?" Wenzetu wanakufa kwa kicheko. Mie nanuna, naapa simuulizi tena, na harusi ya pili namuuliza.

Gitaa langu linapita kwenye Kabati. Hilo ni sanduku la spika, na limeitwa Kabati kwa sababu ndivyo lilivyo, refu, zito, la mbao za mvule. Mjomba alilichongesha kwa fundi wa Kikwajuni, na spika yake ilitoka kwenye jumba moja la sinema lilipofungwa. Ilipochanika niliitia kiraka cha kanga na gundi, na ikawa nzuri kuliko mwanzo, maana kanga ilipunguza zile mbwembwe za juu. Vijana wa siku hizi wanataka besi ya kutikisa vioo vya gari. Ah wapi! Ile si besi, ile ni ugonjwa wa moyo. Besi ya kweli haikurukii. Inakuja chini chini, inakaa na wewe, wala hujui imefika saa ngapi, ila ikiondoka unahisi nyumba imehamwa.

Basi nyumba yetu ilianza kuhamwa pale Nadra alipochukua uongozi wa Waridi. Nadra ni binti wa marehemu mpiga fidla wetu, nimembeba mgongoni mie mwenyewe. Kasoma muziki, anapiga kibodi, na vidole vyake vizuri, haki yake nampa. Lakini mkono wake wa kulia unapiga kinanda na mkono wake wa kushoto unapiga besi. Yaani besi yangu mie imo ndani ya mkono wa kushoto wa mtoto niliyembeba! Hata hivyo bora yeye anapiga. Kuna vikundi mjini humu mwimbaji anashika maiki, anachezesha midomo, na wimbo unatoka kwenye flashi. Watu wanamtuza mtu anayetafuna hewa. Zamani mtu akikosea tulisikia kakosea, na tulimpenda zaidi, na mwakani tulikuwa bado tunahadithia namna alivyokosea.

Maryam alikuja mwenyewe mazoezini, kwenye chumba chetu cha ghorofani kule Vuga. Ni mjukuu wa Thuwaiba, mtoto wa binti yake Khamisa, na bibi yake ndiye aliyemlea. Alipiga magoti, akatuamkia sote, shikamoo hapa na shikamoo pale, kisha akamshika bibi yake mikono.

"Bibi, ule wimbo ulomwimbia mama siku ya harusi yake, niimbie na mie."

Thuwaiba alikuwa anamtazama midomo. Akasema, "Nitakuimbia, mwanangu. Hata kama ni wa mwisho."

Wenzangu walipiga vigelegele. Mie sikupiga. Mie nilikuwa najua jambo ambalo hakuna mwengine katika chumba kile aliyekuwa akilijua. Thuwaiba alikuwa hasikii.

Nililigundua siku fuse ya Kabati ilipoungua. Tulisema tuendelee hivyo hivyo bila ya besi, na Thuwaiba, ambaye maisha yake yote hajapata kukosea kuingia, aliingia katikati ya fidla kama mtu aliyepotea nyumba. Wakacheka, akacheka, akasema uzee. Walipoteremka, nikamwita kwa nyuma. "Thuwaiba!" Tangu udogo nikimwita huniitika "Naam" kabla sijamaliza jina. Siku ile kimya. Nikamwita tena kwa nguvu. Kimya, anakunja kanga yake. Nikaenda nikamgusa bega, akageuka, akaniona usoni, akajua kuwa nimejua.

Tulikaa chini pale pale. Akaniambia sikio moja lilikwenda zamani, na hili la pili limemfuata pole pole. Hospitali walimpa kidude cha kutia sikioni, lakini muziki ukianza kinapiga miluzi tu, akakitupa mkobani. Watu anawasoma midomo.

"Sasa unaimbaje, Thuwaiba?"

Akaninyooshea mguu wake. Nikaangalia. Na hapo ndipo nilipokumbuka kuwa siku nyingi sasa akiimba huvua viatu, na kiti chake hukivuta karibu na Kabati. Chumba cha Vuga kina sakafu ya mbao. Kumbe shoga yangu alikuwa ananisikiliza kwa nyayo.

"Fidla siisikii, kibodi siisikii, sauti yangu mwenyewe naijua hapa kooni," akasema. "Ila wewe unapanda miguuni. Ngazi zako nazipata zote." Kisha akanikamata mkono mpaka ukauma. "Ukimwambia mtu, Hamda, sitokusamehe duniani wala akhera. Khamisa akijua atanikalisha kwenye kochi na wazee, nipigwe picha. Na mji huu unaujua. Watanitungia wimbo." Akauachia mkono. "Niache nimuimbie Maryam wangu harusini kwake. Baada ya hapo nitanyamaza mwenyewe."

Nikamwambia sawa.

Haya, sasa nisikilize ujue nilivyotaabika. Harusi ilipangiwa ukumbi mpya wa Chukwani, taarab ianze baada ya laasiri. Nadra alitukusanya akatueleza. Ukumbi una spika zake za kisasa, una jukwaa lake la marumaru, kwa hiyo hatutobeba vitu vingi. Besi atapiga yeye kwenye kibodi. "Na Bi Hamda," akasema kwa adabu zote, "tutakuweka kiti cha mbele, mgeni wa heshima."

"Mgeni wa heshima!" nikasema. "Mbona hukuniletea na sanda kabisa?"

"Bi Hamda, sikukusudia..."

"Bila ya Hamda siimbi," akasema Thuwaiba. Alikuwa kamkazia macho Nadra muda wote, akisoma.

Nadra akashusha pumzi. Akakubali nije na gitaa, ila nichomeke waya kwenye mitambo ya ukumbi. Nikamwambia gitaa langu haliendi mahali bila ya Kabati. Akaniambia Kabati litaharibu sura ya jukwaa. Nikamwambia hata yeye sura yake alipozaliwa ilikuwa haitazamiki na tulivumilia. Akaniambia sauti ya mitambo ya ukumbi ni safi zaidi. Nikamwambia safi ndiyo nini, kwani tunapiga besi au tunafua? Wenzangu wanacheka, Nadra kavimba, mie natupa maneno makali na ndani roho inaniuma, maana yule mtoto alikuwa na haki kwa kila alichosema. Spika zilizotundikwa juu ya ukuta ni nzuri kweli. Lakini sauti ya ukutani haimpandi mtu miguuni.

"Huu sasa ni ukaidi tu, Bi Hamda," akasema mwisho, na machozi yanamlengalenga.

Nikasema, "Naam, ni ukaidi." Nilitamani nimkumbatie nimwambie yote. Nikafunga mdomo.

Likabaki jukwaa. Marumaru! Marumaru ni ya msalani, mtu anajenga jukwaa la muziki kwa marumaru? Ukiweka Kabati juu yake ni sawa na kuliweka juu ya jiwe, hakuna kinachosafiri. Nililala usiku mzima nageuka, kitanda kinatikisika kila nikijigeuza, mpaka nikasema, ala! Asubuhi nikamwita Ubwa, hamali anayenibebea Kabati kila harusi, nikamwambia alete nyundo. Tukakivunja kitanda changu. Mbao zake ndefu tukazipigilia zikawa ulingo mfupi, wa kutosha Kabati upande mmoja na mwanamke mmoja upande wa pili. Godoro nikalitandika chini.

"Bi Hamda, u mzima?" Ubwa akaniuliza.

"Mzima kuliko weye. Pigilia."

Siku ya harusi alivisukuma vyote kwa gari lake la mikono mpaka barabarani penye pikapu, akinilaani kwa heshima kila kona ya mtaa. Tulipofika Chukwani, Nadra aliuangalia ulingo akaniangalia na mie.

"Hicho nini tena, Bi Hamda?"

"Kitanda."

"Kitanda cha nini?"

"Cha kusimamia mwimbaji. Zamani ndivyo tulivyokuwa tukifanya," nikamwambia, na Mungu anisamehe, zamani hatukuwahi kufanya. Akawaita wapambaji, wakaufunika kwa kitambaa cheupe na asumini, ukapendeza. Sikumshukuru, nilikuwa nshazoea kununa.

Ukumbi ulijaa. Baridi ya mashine, manukato, madira yanayong'ara, na Maryam kakaa kwenye kiti chake cha mapambo upande wa pili, hina mpaka viwikoni, mzuri mpaka unaogopa kumtazama. Tulianza na nyimbo za wasichana wetu. Nikawa napiga na huku nasikia mkono wa kushoto wa Nadra unapiga sawa na mie, sauti ile ile, kupitia spika za ukutani. Alikuwa haliamini Kabati, kafanya tahadhari. Siku nyengine ningemgombeza mbele za watu. Siku ile nilimuacha, nilikuwa na kazi yangu.

Ikafika zamu ya Thuwaiba. Alivua viatu, akapanda kwenye ulingo, akasimama. Nikamgongea uzi mnene mara moja. Akatikisa kichwa kidogo tu, kwa ajili yangu. Yaani umenifika.

Na akaimba.

*Nenda mwanangu salama, nyumba yako iko wazi,*
*Nyuma usije tazama, nitayafuta machozi.*

Sauti ilikuwa imepungua, sikatai. Juu hafiki alipokuwa akifika. Lakini alivyolitoa lile neno "mwanangu", mie nikarudi miaka ile, uani kwa watu Malindi, Thuwaiba na nywele nyeusi, Khamisa ndiye bi harusi, Mjomba Mahfoudh kajibanza nje ya dirisha anasikiliza kama nimekosea. Hakuna hata mmoja aliyekuwa na simu ya kunyanyua juu. Watu walikuwa na mikono, wakaipiga makofi.

Ubeti wa kwanza ukaisha, wakaja kumtuza, wakapungua, nikaweka ngazi, akaingia. Wa pili hivyo hivyo. Namtazama nyayo zake juu ya mbao za kitanda changu, vidole vimetanuka, zinasikiliza. Nikasema moyoni, tumepita.

Vyombo vikachukua kabla ya ubeti wa mwisho, na hapo akainuka Khamisa. Alikuja analia kwa sauti, mtu mzima na kilemba chake, hata noti kaisahau mkononi. Akamkumbatia mama yake, akamvuta. Alimvuta kwa mapenzi, amsogeze kwa Maryam wawe watatu pamoja. Thuwaiba akashuka kwenye ulingo. Akakanyaga marumaru.

Wanawake wakainuka kila upande. Vigelegele, noti, simu, mabuibui, wakamzunguka mpaka nikawa naona ncha ya mtandio wake tu. Tukazunguka na muziki mara moja, tena, na tena. Walipoanza kupungua, Nadra akanipa ishara ya kichwa. Nikaweka ngazi. Sauti tatu, nzito, safi.

Kimya.

Nadra akageuka. Tukazunguka tena, nikaweka tena, nimebonyeza mpaka Kabati limeguna. Watu walikuwa wameachana kidogo, nikamuona. Alikuwa kasimama na maiki mkononi, anacheka na watu, anawatazama mmoja mmoja midomo. Kicheko kile nakijua. Hicho ndicho alichokuwa akikicheka chuoni mwalimu akimuuliza aya asiyoijua. Alikuwa anatafuta kwa macho mtu wa kumwambia sasa, na kila aliyemtazama alikuwa analia au anapiga picha. Mwanamke mmoja wa mbele akamnong'oneza mwenzake. Maryam akaacha kutabasamu.

Mie huwa napiga nimekaa. Magoti yangu hayataki mchezo. Niliinuka bila ya kujua nimeinukaje, gitaa shingoni, nikashuka jukwaani, nikapita katikati ya watu. Waya ukanyooka nyuma yangu, ukafika mwisho wake, ukachomoka kwenye Kabati. Pa! Nikausikia. Besi ikakatika.

Sikurudi. Nilimfikia Thuwaiba kwa nyuma, nikamgeuzia mgongo, hapana, huko kusingefaa, nikageuka tena nikamkumbatia na gitaa kati yetu, ubao wake umemkaa mgongoni, umegusa mfupa. Alishtuka. Kisha akanusa mafuta yangu ya karafuu, akatulia. Nikapiga ngazi. Nilipiga kwa nguvu zote nilizokuwa nazo vidoleni. Ukumbini haikusikika hata kidogo, mie mwenyewe niliisikia tumboni tu.

Sauti ya kwanza. Akanyoosha shingo. Ya pili. Akavuta pumzi. Ya tatu.

Akaingia. Pale pale panapotakiwa.

Ukumbi ulilipuka. Waliona vikongwe viwili vimeshikana vinacheza, wakafurahi, wakasema angalia Hamda Besi alivyo na vituko. Wakaja kututuza sote wawili. Mie sikusogea. Nilimpigia ubeti mzima, kila sauti, mgongoni, na yeye akamuimbia mjukuu wake uso kwa uso mpaka neno la mwisho. Maryam alikuwa analia na wanja wote umemwagika. Besi iliyosikika ukumbini ilikuwa ya mkono wa kushoto wa Nadra, na Mungu amjaalie mkono ule, sitousema tena vibaya.

Wimbo ulipokwisha nilimrudisha Thuwaiba jukwaani. Nadra alikuwa kainama, kauokota waya sakafuni, anautazama.

"Bi Hamda, ulikuwa umechomoka. Ubeti mzima ulikuwa hupigi kitu."

Akatazama waya, akatazama ulingo wangu wa kitanda, akatazama miguu mitupu ya Thuwaiba, aliyekuwa katupa mgongo anajifuta jasho. Akaita, si kwa sauti kubwa. "Bi Thuwaiba." Akaita tena. Thuwaiba akaendelea kujifuta jasho.

Nadra akaweka mkono mdomoni. Nikamkazia jicho, kidole midomoni. Yule mtoto, nampenda kama nilivyompenda nilipombeba, hakusema neno. Alikwenda akamshika Thuwaiba mkono, akamuomba kwa midomo mipana, taratibu, awaimbie watu mmoja tena. Akampandisha kwenye mbao. Akauchomeka waya kwenye Kabati mwenyewe. Kisha akarudi kwenye kibodi yake akakaa, na mkono wake wa kushoto akauweka mapajani, na haukutoka hapo mpaka wimbo ukaisha.

Magharibi ilipokaribia tulikaa nyuma ya ukumbi, mie na Thuwaiba, juu ya ulingo ule ule, tunamngoja Ubwa. Tulikuwa na chai na visheti. Yeye kashatimiza ahadi yake, alikuwa katulia kama mtu aliyetua mzigo. Mie nilikuwa nimechoka mpaka kucha zinauma. Nilijiambia leo simuulizi. Leo hata kama nauliza, najua mwenyewe, hakukuwa na besi.

"Hamda," akasema, hanitazami, anatazama kikombe chake.

"Naam."

"Leo nimeisikia besi yako."

Nikajifunika uso na kanga, nikalia mpaka chai ikapoa.